Je, Wajua? Nyakanazi, Roma na mvutano wa nani aongoze Kanisa

Je, wajua kwamba miongoni mwa makardinali 133 waliojifungia katika Kikanisa cha Sistina mwezi Mei 2025 kumchagua Papa, alikuwemo padre aliyewahi kufundisha Seminari Ndogo ya Katoke, wilayani Biharamulo? Ni Protase Rugambwa, mzaliwa wa Bunena, Bukoba, mwaka 1960. Alipewa daraja la upadre na Papa Yohane Paulo wa Pili mwenyewe jijini Dar es Salaam, tarehe 2 Septemba 1990, akiwa padre wa Jimbo la Rulenge. Mwaka 2008 akawa Askofu wa Kigoma, 2012 akapelekwa Roma kwenye idara inayosimamia uinjilishaji, na 2023 akarejea nchini kuongoza Jimbo Kuu la Tabora na kuvikwa kofia nyekundu ya ukardinali. Basi la Kigoma likisimama njiapanda ya Nyakanazi, abiria yumo ndani ya eneo la jimbo lililomlea mtu huyo.

Siku zile za Mei, magazeti ya Ulaya na Marekani yaliwapanga makardinali katika kambi mbili. Upande mmoja waliwekwa wanaoshikilia mapokeo: Misa ya Kilatini, mamlaka ya askofu, mafundisho ya ndoa yasiyoguswa. Upande wa pili waliwekwa wanaotaka milango ifunguliwe: walei wapewe usemi, wanawake washike nafasi, waliotalikiana wakaribishwe mezani. Waafrika walisukumwa karibu wote upande wa kwanza. Naona hapo walikosea, na anayetaka ushahidi hahitaji kwenda mbali na Biharamulo na Ngara.

Je, wajua kwamba Rulenge lilikuwa jimbo la Bukoba kabla Bukoba ya leo haijaitwa Jimbo la Bukoba? Mwaka 1953 ukanda huu ulikuwa na majimbo mawili: Bukoba chini ya Askofu Alfred Lanctôt, mmisionari kutoka Kanada, na Rutabo chini ya Laurean Rugambwa, mzaliwa wa Bukongo. Mwaka 1960 mambo yakageuzwa. Rutabo likachukua jina la Bukoba, nalo jimbo la Lanctôt likaitwa Rulenge. Mwaka huohuo, mwezi Machi, Papa Yohane wa 23 akamfanya Laurean Rugambwa kardinali akiwa na miaka 47, Mwafrika mweusi wa kwanza katika nyakati hizi kupewa cheo hicho. Jina la Rulenge-Ngara lilikuja 2008, Jimbo la Kayanga lilipozaliwa kutoka humo.

Tanzania imepata makardinali watatu tu hadi sasa. Wawili wamezaliwa Kagera, na wote wawili wanaitwa Rugambwa.

Huyo wa kwanza hakwenda kwenye Mtaguso wa Pili wa Vatikano kukaa kimya. Maaskofu wa Afrika waliunda sekretarieti yao ya bara zima ili wasimezwe na wenzao wa Ulaya, na Rugambwa akawa mwenyekiti wake. Mmoja wa makatibu alikuwa jirani, Joseph Blomjous, Mholanzi aliyekuwa Askofu wa Mwanza, mtu aliyetaka mabadiliko kwa dhati. Tarehe 4 Desemba 1963 hati ya liturujia ilipitishwa kwa kura 2,147 dhidi ya 4. Ndiyo iliyofungua njia ya Misa kusaliwa kwa Kiswahili badala ya Kilatini. Kwa hiyo mtu anayedhani mageuzi yale yalipikwa na Wazungu kisha Mwafrika akapakuliwa tu, akumbuke nani alikuwa kwenye kiti.

Mwaka 1969 unastahili kutazamwa kwa utulivu, maana mengi tunayobishania leo yalianzia humo. Mwezi Aprili Papa Paulo wa Sita alitangaza Misale mpya. Mwezi Mei Roma ikayaachia mabaraza ya maaskofu kuomba ruhusa ya waamini kupokea Komunyo mkononi. Mwishoni mwa Julai Papa huyo alitua Uganda, Papa wa kwanza wa nyakati hizi kukanyaga Afrika, na pale Kampala aliwaambia Waafrika kwamba sasa wao ndio wamisionari wa nafsi zao, na kwamba wana haki ya Ukristo wenye sura ya Kiafrika. Mkutano wa maaskofu aliouhutubia huko ndio uliozindua shirikisho la mabaraza ya maaskofu wa Afrika na Madagaska, SECAM. Oktoba, huko Fribourg, Uswisi, Askofu Mkuu Marcel Lefebvre alifungua nyumba ya malezi ya waseminari wasioutaka mkondo mpya. Na Rulenge ikapata askofu wake wa kwanza Mwafrika, Christopher Mwoleka.

Mwoleka angekuwa kitu adimu popote pale duniani. Aliliongoza jimbo kuanzia 1969 hadi 1996. Azimio la Arusha lilikuwa na miaka miwili tu alipowekwa wakfu, na maaskofu wengi walilitazama kwa shaka, wengine kwa hofu ya ukomunisti. Yeye aliliunga mkono hadharani, kisha akafanya jambo lililowashangaza hata waliomsifu: alihamia kijiji cha ujamaa cha Nyabihanga, jimboni mwake, akaishi na wakulima na kushika jembe pamoja nao. Fikiria askofu wa miaka ile, aliyezoeleka kubusiwa pete kwa goti, yumo shambani na wanakijiji, mavazi yake ya kiaskofu yamebaki ndani. Si mapadre wote waliofurahi. Wapo waliouliza nani atabaki ofisini kuendesha jimbo.

Lakini angalia hoja yake ilikotoka. Hakuichukua kwenye vitabu vya siasa. Aliichukua kwenye fundisho la kale kuliko yote, Utatu Mtakatifu. Katika maandishi yake ya mwaka 1975 alisema Mungu hakutufunulia Utatu ili tuumize vichwa kutegua fumbo. Alitufunulia ili tuige. Nafsi tatu zinashirikiana vyote zilivyo navyo, basi na binadamu waishi hivyo. Mtu huyo utampanga kambi ipi? Imani yake ilikuwa ya katekisimu ya bibi yangu na bibi yako, na matendo yake yangewatisha wahafidhina wa leo. Mimi namhesabu kuwa mwanateolojia mkubwa kuliko anavyokumbukwa, na inaniuma kwamba vijana wengi wa Biharamulo hawajawahi kulisikia jina lake.

Je, wajua kwamba jumuiya ndogondogo, ambazo leo kila Mkatoliki wa Tanzania anazichukulia kama kitu cha kawaida, zilikuwa jaribio la hatari? Maaskofu wa Afrika Mashariki, kupitia AMECEA, chombo kilichozaliwa Dar es Salaam mwaka 1961, walizijadili 1973, na mwaka 1976 mjini Nairobi wakaamua kwamba ndizo msingi wa uchungaji wao. Rulenge ilikuwa miongoni mwa majimbo yaliyokwisha kuanza kuziishi; mwaka huohuo Mwoleka na Padre Joseph Healey wa shirika la Maryknoll, aliyekaa naye Nyabihanga, walitoa kitabu kuhusu ujamaa na jumuiya za Kikristo. Wazo lilikuwa jepesi kulitamka na zito kulitenda: Kanisa lianze kwenye nyumba kumi au kumi na tano zinazojuana, na kiongozi awe mmoja wao.

Hebu tuingie kigango kimoja cha ndani, mbali na lami ya Nyakanazi. Paroko ana vigango vingi na pikipiki moja, hivyo Jumapili nyingi hayupo. Saa tatu katekista anapanga vitabu mezani, mzee wa kanisa anagonga rimu ya gari iliyotundikwa mtini iwe kengele, kwaya inajaribu kinanda cha betri. Ibada inaanza bila padre: masomo, mahubiri ya katekista, maombi ya waamini, sadaka, kisha matangazo marefu. Mwanamke ndiye anayesoma somo la kwanza. Mwanamke mwingine, mweka hazina wa jumuiya, ndiye anayetangaza mapato ya wiki iliyopita. Huko Ulaya watu wanaandika makala nzito kuuliza kama mlei anaweza kuongoza sala ya Jumapili. Hapa jibu limekuwepo tangu enzi za makatekista wa kwanza.

Na madaraka hayo si ya maua. Katika parokia nyingi za Tanzania, mama akitaka mtoto wake abatizwe anaanzia kwa mwenyekiti wa jumuiya, ambaye anaandika karatasi ya kuthibitisha kwamba familia ni hai: inahudhuria sala za jumuiya, inalipa zaka, inashiriki michango. Karatasi inapita kwa katekista, kisha ofisi ya parokia. Ndoa ni hivyohivyo. Msiba pia. Nimewahi kukaa kwenye msiba ambapo maiti ilisubiri huku wanandugu wakikusanya pesa za zaka ya miaka iliyopita ili marehemu asaliwe Misa. Aibu ile haina jina, na haikuletwa na mhafidhina wala mwanamageuzi. Ililetwa na majirani waliochaguliwa kwa kura. Uongozi wa walei si dawa ya kila kitu. Mlei naye anaweza kuwa mkali kuliko paroko.

WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki Tanzania, ulianzishwa 1972. Ulitimiza miaka 50 mwaka 2022. Katika parokia za vijijini ukiwaondoa wanawake hao, hakuna atakayelisha mafrateri wala kupokea askofu.

Sasa turudi kwa Kilatini. Je, wajua kwamba Marcel Lefebvre, baba wa wanaopinga mageuzi ya Mtaguso, aliishi Afrika miaka mingi? Alikuwa mmisionari wa Roho Mtakatifu huko Gabon, akawa Askofu Mkuu wa Dakar, na kwa zaidi ya miaka kumi alikuwa mjumbe wa Papa kwa sehemu kubwa ya Afrika iliyotawaliwa na Ufaransa. Tena ile hati ya liturujia ya 1963 ina sahihi yake. Baadaye aligeuka, na tarehe 30 Juni 1988 aliwaweka wakfu maaskofu wanne bila idhini ya Papa, akatengwa na Kanisa. Shirika lake la Mtakatifu Pius wa Kumi lina nyumba Nairobi hadi leo. Papa Benedikto wa 16 aliilegezea Misa ya zamani mwaka 2007, Papa Fransisko akaibana tena Julai 2021. Vita hivyo vimechoma mitandao ya Marekani kwa miaka kadhaa. Nyakanazi havikusikika sana, maana wazee wa hapa wanazikumbuka nyimbo za Kilatini kwa mapenzi bila kudai zirudishwe kwa lazima, na kwaya ikiimba Gloria ya Kilatini siku ya Krismasi kisha ngoma ikafuata, hakuna anayeona kwamba mtu amehama kambi.

Walioshikilia Kilatini Afrika Mashariki kwa nguvu zote hawakuwa Wazungu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, kusini mwa Nyanza, Kenya, Simeo Ondeto na Gaudencia Aoko walianzisha Legio Maria. Walitoka katika Kanisa Katoliki wakiwa na kila kitu chake: rozari, kanzu, mapadre, makardinali, na Papa wao wenyewe. Kanisa Katoliki lilipoacha Kilatini, wao waliendelea nacho, huku wakitoa pepo, wakitabiri, na kumpa mwanamke kama Aoko nafasi ya mbele ambayo parokia ya wakati ule isingempa. Ondeto alifariki 1991. Waumini wake wamevuka hadi Tanzania na Uganda. Ukitafuta Kanisa ambalo ni la kimapokeo na la kimapinduzi kwa wakati mmoja, lipo upande wa pili wa ziwa.

Tanzania nayo ina kisa chake, na hiki kinagusa mwili wenyewe wa Ekaristi. Padre Felician Nkwera wa Jimbo la Njombe alianza huduma ya kuombea wagonjwa mwaka 1969, akisema ametumwa na Bikira Maria. Kituo chake kikawa Ubungo, Dar es Salaam, na wafuasi wake wakajulikana kama Wanamaombi. Maaskofu walimzuia. Mgogoro ulipopamba moto katika miaka ya 1990, jambo mojawapo lililogombewa lilikuwa Komunyo ya mkononi: Wanamaombi walishikilia kwamba Mwili wa Kristo unapokelewa kwa ulimi, mtu akiwa amepiga magoti. Walitengwa na sakramenti. Jambo linalonishika katika kisa hiki ni kwamba waliokuwa wakitetea unyenyekevu wa goti ndio waliokuwa wakimkatalia askofu utii, na maaskofu waliokuwa wakitetea utii ndio waliokuwa wakitetea desturi mpya. Nani hapo mhafidhina? Wengi walioumia walikuwa akina mama wagonjwa waliotaka kuombewa tu.

Tuvuke mpaka kwenda Kongo. Mwaka 1988 Roma iliidhinisha Misale ya majimbo ya Zaire, kazi ambayo Kardinali Joseph Malula wa Kinshasa aliipigania kwa miaka. Ndani yake wahenga wema wanaitwa wakati wa sala, kasisi na wahudumu wake wanacheza kuzunguka altare, na tendo la toba linakuja baada ya mahubiri. Papa Fransisko aliongoza Misa kwa taratibu hizo ndani ya Basilika la Mtakatifu Petro, Desemba 2019. Hakuna Misa iliyo mbali zaidi na ndoto za Lefebvre.

Basi, mrithi wa kiti hicho cha Kinshasa ni Kardinali Fridolin Ambongo. Na ni Ambongo huyo, akiwa rais wa SECAM, aliyetia sahihi tamko la tarehe 11 Januari 2024 lililosema kwamba baraka kwa wapenzi wa jinsia moja, zilizoruhusiwa na hati ya Roma ya tarehe 18 Desemba 2023 iitwayo Fiducia Supplicans, hazitatolewa katika makanisa ya Afrika. Bara zima karibu likasema kwa sauti moja, jambo ambalo halijatokea mara nyingi. Aliandika tamko hilo kwa makubaliano na Papa Fransisko na Kardinali Víctor Manuel Fernández, aliyeitunga hati. Waandishi wa nje walishangilia au kulaani wakidhani wamempata mhafidhina halisi. Wangeenda Kinshasa Jumapili, wangemkuta akicheza altareni. Wapo Waafrika walioona tamko lile lilikosa huruma kwa watu ambao tayari wanawindwa, na sauti yao nayo ni ya Kanisa. Lakini hata hao hawasikiki katika ramani ya kambi mbili.

Kuna mwezi mmoja ambao mgawanyo huu wote unaonekana mdogo sana. Tarehe 10 Aprili 1994 Sinodi ya Afrika ilifunguliwa Roma. Maaskofu walikuwa wakichagua namna ya kulitaja Kanisa la bara hili, wakachagua Familia ya Mungu. Siku chache kabla, mauaji ya kimbari yalikuwa yameanza Rwanda, nchi yenye Wakatoliki wengi kuliko waumini wa dini nyingine yoyote. Tarehe 28 na 29 Aprili, Sinodi ikiendelea, takriban watu 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara ndani ya saa 24. Kambi ya wakimbizi ya Benaco ikawa kama mji mkubwa. Malori ya chakula yaliyopakia Isaka yalipita Nyakanazi usiku na mchana, na jimbo la Mwoleka likajikuta na waamini wengi wapya kuliko makanisa yake yangeweza kubeba, wengine wameokoka kuuawa, wengine wameua.

Askofu Mkuu wa Kigali, Vincent Nsengiyumva, alikuwa amekaa miaka katika kamati kuu ya chama tawala cha MRND, mpaka Roma ilipomtaka ajitoe. Aliuawa Juni 1994 huko Gakurazo, karibu na Kabgayi, pamoja na maaskofu wengine wawili, mikononi mwa askari wa RPF, jeshi la waasi. Mwaka 2017 Papa Fransisko aliomba msamaha kwa dhambi za Kanisa na watoto wake katika mauaji yale. Hakuna aliyeuliza kama maaskofu wale walipenda Kilatini. Kosa lililogharimu roho za watu lilikuwa askofu kukaa meza moja na mtawala hadi akashindwa kusikia mlio wa nje. Ndiyo maana askofu anapoisema serikali, kama Severine Niwemugizi wa Rulenge-Ngara, mrithi wa Mwoleka, alivyodai hadharani Katiba mpya, nafurahi, hata pale nisipokubaliana na kila neno.

Mwisho, je, wajua jinsi askofu anavyopatikana? Mwenyekiti wa jumuiya huchaguliwa kwa kura, na katika majimbo mengi ya Tanzania muhula ni miaka mitatu. Halmashauri ya walei nayo hupigiwa kura. Lakini kwa askofu, maaskofu wa kanda hutunza orodha ya mapadre wanaofaa, Balozi wa Papa huwauliza watu aliowateua kwa barua za siri, hupeleka Roma majina matatu, na Papa huchagua. Sheria ya Kanisa inaruhusu walei wenye busara waulizwe. Wanaoulizwa hawaruhusiwi kusema kwamba wameulizwa.

Sinodi iliyomalizika Roma Oktoba 2024, ambayo katika kikao chake cha 2023 wanawake 54 walikuwa na haki ya kura kwa mara ya kwanza, iliandika katika kifungu cha 70 cha hati yake ya mwisho kwamba watu wa Mungu wawe na sauti kubwa zaidi katika kuwachagua maaskofu. Papa Fransisko aliipokea hati hiyo kama ilivyo. Ratiba aliyoiidhinisha kabla ya kufariki inayataka majimbo yafanye mikutano ya tathmini katika nusu ya kwanza ya 2027, kabla ya mkutano mkuu wa Kanisa utakaofanyika Vatikano Oktoba 2028. Rulenge-Ngara nalo litakuwa na mkutano wake. Ningependa yule mweka hazina wa kigango awe na kiti humo, na karatasi za ubatizo na mazishi ziwe kwenye ajenda.